Nilipima umri wa gitaa la baba nikapata jibu sahihi, lakini nikamhukumu kimakosa

Wakuu, salaam.

Nitakayoandika hapa ni mambo yangu mwenyewe, na siyo ya kujisifia. Nimebadilisha majina tu. Mengine yote yako kama yalivyotokea, hata yale yanayonifanya nionekane mjinga.

Kuna wanaokumbuka uzi wangu wa mwaka juzi, nilipoweka picha za gitaa jekundu la umeme nikaomba msaada wa kujua limetengenezwa mwaka gani. Mlichangia sana. Wengine mlitania kwamba nimepata dhahabu nyingine Nyamongo. Sikuwaambia nilikuwa nataka kujua kwa sababu gani.

Leo nasema.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nafundisha sekondari huku Serengeti, upande wa Issenye, lakini nyumbani ni Tarime, kijiji cha Nyakunguru. Waliosoma na mimi wananijua: nikishashika jambo kwa namba, huwezi kunitoa. Wanafunzi wangu wameshazoea swali moja kutoka kwangu, "ushahidi uko wapi?" Nilikuwa najivunia hiyo tabia.

Sasa baba yangu, Mzee Marwa, alikuwa mpiga gitaa. Ujanani alipigia bendi moja ya Tarime mjini, zile bendi za kuzunguka kwenye mabaa na kwenye sherehe za vijijini. Kiongozi wa bendi alikuwa rafiki yake, nitamwita Mzee Wambura, mtu wa kabila la Wangoreme, wa Kenyamonta. Walikuwa wanalala chumba kimoja na kula sahani moja.

Wambura alikuwa na gitaa jekundu la Kijapani alilolinunua jipya Mwanza. Wakati huo kuwa na gitaa la umeme lako mwenyewe ilikuwa kitu kikubwa, wengi walipigia magitaa ya bendi.

Siku moja wakiwa wanapiga kwenye sherehe, lile gitaa likapotea.

Miaka kidogo ikapita. Baba alikuwa na kawaida ya kuvuka mpaka wa Sirari kwenda kupiga muziki Kenya na kurudi, safari nyingi ambazo hakuna aliyeziweka kwenye kumbukumbu. Katika mojawapo akarudi na gitaa. Jekundu, la Kijapani, umbo lilelile na kampuni ileile.

Wambura alipoliona akasema hilo ni langu. Baba akasema nimelinunua Nairobi. Risiti hakuna.

Urafiki ukafia hapo.

Wakuu, mtu wa huku kwetu anamjua ng'ombe wake kwa kumtazama tu. Akisema huyu wangu, namjua kwa rangi na pembe, watu wanamsikiliza. Wambura alisema analijua gitaa lake kama ng'ombe wake, watu wakamwamini. Hakuna aliyefikiria kwamba magitaa yanatoka kiwandani mamia kwa mamia, yote rangi moja.

Baba hakupelekwa popote, wala hakuna aliyempiga. Alibaki tu na lile jina. Kikipotea kitu kanisani, macho yanageuka upande wetu. Mimi shuleni niliitwa "mtoto wa gitaa" na nilipigana mara nyingi kwa ajili hiyo. Baba aliacha kupiga mbele za watu. Akawa anapiga ndani, bila spika, ule mlio mwembamba wa nyuzi ambao ukiwa nje ya mlango husikii.

Mama alikuja kuolewa akakuta gitaa tayari lipo, kwa hiyo hakuwa shahidi.

Na hapa niseme ukweli wa kwanza unaoniuma. Sikuwahi kumuuliza baba. Nilikua, nikasoma, nikaajiriwa, nikaoa, na sikuwahi kumkalisha nikamwambia baba, nieleze ilikuwaje. Nilikuwa naogopa jibu. Ndani yangu, kwa mbali, nilikuwa nimeshaamini kwamba aliliiba.

Mwaka juzi baba akapata kiharusi. Upande wa kulia wote ukaisha nguvu, na maneno yakapotea. Alibaki na maneno manne matano hivi ya kutumia kwa kila kitu. Unamletea uji anasema "ndiyo", unamgeuza kitandani anasema "ndiyo", akikasirika naye ni "ndiyo" hiyohiyo ila kwa sauti.

Hakikupita kipindi kirefu ujumbe ukaja kutoka Kenyamonta. Mzee Wambura naye anaumwa, figo. Anaomba kabla hajafa arudishiwe gitaa lake. Hataki fidia wala maneno. Anataka gitaa.

Wazee wakaja nyumbani, watano, wa ukoo na wa kanisa mchanganyiko. Wakasema mwalimu, wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye umesoma, hili jambo limalizwe wazee wote wawili wakiwa hai.

Nikawaambia wanipe muda. Nikasema hatutabishana kwa maneno ya watu, gitaa lenyewe litasema.

Mnaona kiburi hicho.

Kwanza nilienda Kenyamonta, ni njiani nikitoka Issenye kwenda nyumbani. Nikamkuta Mzee Wambura amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mura," yaani kijana. "Wewe ni wa Marwa. Uso huo huo."

Nikamuuliza gitaa alilinunua lini na liliibiwa lini. Akafikiri.

"Miaka ya kizungu mimi siwezi kukudanganya. Lakini nililinunua jipya, nikakaa nalo miaka miwili kamili, likaibiwa. Liliibiwa kwenye sherehe ya tohara, vijana wametoka jandoni. Ule mwaka wa tohara kubwa."

Kwa msiokuwa wa huku: watu wetu hawakuwa wanahesabu kwa kalenda ya ukutani. Wanahesabu kwa tohara. Fulani ni rika la wale waliotoka mwaka ule, fulani alizaliwa kabla ya hawa hawajaingia. Ukimuuliza mzee umri, anakutajia rika. Na mwaka ambao vijana wengi wameingia kwa pamoja unabaki kuwa kigezo cha kila kitu.

Mimi tohara kubwa naijua. Kila mtu kwetu Nyakunguru anaijua. Baba yangu mdogo alikuwamo, akiwa darasa la saba, na cheti chake cha shule kipo. Ni Desemba ya mwaka 1982.

Nikaandika kwenye daftari. Liliibiwa 1982. Lilinunuliwa jipya miaka miwili kabla, yaani 1980.

Nikamshukuru mzee, nikapanda bodaboda.

Nyumbani nikalitoa gitaa kwenye gunia. Nililegeza nyuzi zote, nikafungua kava la plastiki la mbele. Ndani kulikuwa na vumbi na kiota cha mdudu, lakini lehemu ilikuwa ya kiwandani, haijaguswa na fundi hata mara moja. Nikafurahi kama mtoto, maana ina maana vifaa ni vyake vya asili. Kibati cha nyuma chenye serial number kilikuwa kimeliwa na kutu, hakisomeki.

Shingo ya gitaa la aina ile imefungwa kwenye mwili kwa skrubu nne. Nikazifungua. Chini ya shingo, mahali ambapo hapajaona jua tangu kiwandani, kulikuwa na muhuri wa wino wa bluu. Namba 55, alama ya Kijapani, halafu 3.

Hapo ndipo nilipowaletea picha. Mnakumbuka mlivyochachamaa? "Gitaa la mwaka 55! Mkuu uza hilo upumzike!" Mpaka mkuu mmoja aliyewahi kusoma Japani akatutuliza. Akaeleza kwamba Wajapani wanahesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao, na kwa mfalme wa wakati ule unajumlisha 25. 55 na 25 ni 80. Mwezi wa tatu, 1980.

Nilisoma ile comment nimesimama sebuleni. Nikafungua daftari. 1980 na 1980.

Wakuu, ile hesabu ilikaa barabara. Nikajisikia nimemaliza. Tena, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri, ile raha ya mwalimu jibu linapokubali. Baadaye kidogo ndiyo nikakumbuka jibu lenyewe linasema nini kuhusu baba.

Mama aliniambia, "Baba yako siyo mwizi."

Nikamjibu, "Mama, namba zimekubaliana."

Alikuwepo pia muuguzi mmoja wa zahanati, dada wa kutoka Iringa, aliyekuwa anakuja kumfanyisha baba mazoezi ya mkono. Nilimweleza baba mbele yake, taratibu, kwa upole kabisa, kwamba muhuri umesema, kwamba hakuna atakayemlaumu, kwamba ni mambo ya ujana. Baba akaanza kutikisa kichwa. Akasema neno ambalo sikuwa nimelisikia tangu augue.

"Langu."

Nikamwambia baba, tarehe ndiyo hiyo.

"Langu. Langu. Langu."

Yule dada akaniita pembeni. "Mwalimu, samahani, mimi mgeni na mambo yenu siyajui. Ila mgonjwa wa hivi akipambana kutoa neno jipya, huwa anajua anachosema. Ungemsikiliza."

Nikamshukuru. Sikumsikiliza baba wala yeye.

Jumamosi wazee wakakaa. Mzee Wambura aliletwa na gari la kukodi, akashikwa mikono kuingia. Tulimtoa baba nje kwenye godoro, mgongo umeegemezwa ukutani. Hao marafiki wawili hawakuwa wamekaa uwanja mmoja tangu ujana wao.

Nikasimama. Nikaeleza muhuri, nikaeleza Wajapani, nikaeleza tohara. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, msomi kaongea. Kisha nikasema kwamba kwa kuwa baba hawezi kusema, mimi mwanawe mkubwa naomba radhi kwa niaba yake, kwa kuchukua mali ya rafiki yake.

Nilitamka hivyo. Baba akiwa hatua tatu kutoka nilipo, akiwa anasikia kila neno.

Nikamkabidhi Mzee Wambura gitaa. Nikauchukua mkono wa kushoto wa baba, ule mzima, nikauweka kwenye mkono wa Wambura ili washikane. Baba hakushika. Mkono wake ulikaa tu pale. Aligeuza uso akatazama ukuta, na machozi yakawa yanatoka jicho moja, lile la upande mzima.

Mzee mmoja akasema, "Ni majuto hayo. Ni vizuri." Na mimi nikakubaliana naye.

Kuanzia siku ile baba hakusema tena "langu". Hata ile "ndiyo" ilipungua. Nilikuwa naenda kila mwisho wa mwezi, namnyoa ndevu, namsomea ujumbe wa wajukuu. Ananitazama tu. Nilijiambia ugonjwa unaongezeka.

Alikufa kabla mvua za vuli hazijaanza.

Kwenye mazishi Mzee Wambura hakuweza kuja, alikuwa hoi. Alimtuma mdogo wake, Mzee Sasi, mtu wa miaka sitini na kitu hivi, mchangamfu. Baada ya kuzika, watu wamekaa wanasubiri chakula, akaja kukaa karibu yangu akanipa pole. Akasema kaka yake amefurahi kwamba yeye na mwenzake walipatana.

Halafu akasema, kwa kupiga tu stori, "Mimi lile gitaa siwezi kulisahau. Lilipotea kwenye sherehe yangu, mura. Siku niliyotoka mimi."

Nikamwambia, "Ile tohara kubwa."

"Ndiyo, kubwa. Tulikuwa wengi mno. Lakini furaha haikuwa kamili, maana kaka yetu mkubwa, aliyemtangulia Wambura, hakuwepo, alikuwa ameshachukuliwa kwenda vitani."

"Vita gani mzee?"

"Ya Kagera! Vita ngapi tumepigana sisi? Ilikuwa Desemba, vita ndiyo kwanza imeanza."

Nikamwambia mzee, vita ya Kagera ilianza mwaka sabini na nane. Akasema ndiyo, huo huo. Nikamwambia si mwaka themanini na mbili? Akacheka.

"Themanini na mbili ni nyie Wakurya wa huku. Sisi tuna wazee wetu, tuna mwaka wetu. Tangu lini tukaingia pamoja?"

Wakuu, hiki kitu nakijua. Nimezaliwa humu. Kila ukoo una wazee wake wa mila na wao ndio wanaofungua tohara, hawafuati jirani. Wangoreme ndiyo kabisa, ni watu wengine. Na kila upande una tohara yake kubwa ambayo kwao ndiyo pekee duniani. Mtoto mdogo wa Tarime anajua. Mimi nilijua kuuliza Mjapani anahesabu miaka kwa mfalme yupi, lakini mzee wa Kenyamonta, kilomita chache kutoka kwetu, nilimhesabia kwa tohara ya kwetu.

Kama liliibiwa Desemba 1978, basi Wambura alilinunua 1976. Na gitaa la baba limetoka kiwandani mwezi wa tatu, 1980.

Kitu hakiwezi kuibiwa kabla hakijatengenezwa.

Baba alilinunua Nairobi, kama alivyosema.

Nilinyanyuka pale nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Watu wakadhani ni msiba.

Baada ya siku tatu nilikwenda Kenyamonta. Nilimweleza Mzee Wambura polepole, nikarudia mara mbili. Gitaa lilikuwa juu ya kitanda chake, limefunikwa na shuka.

Akasema, "Kwa hiyo nimemchukia Marwa bure."

Akanyoosha mkono akaifunua ile shuka.

"Mimi nilikosa kwa macho, mura. Yalifanana." Akanitazama. "Lichukue. Siwezi kulala nalo tena."

Hakusema "na wewe je", lakini nililisikia lile swali hata hivyo. Yeye aliona magitaa mawili yanayofanana, na hakuwa na namna ya kujua. Mimi nilikuwa na muhuri uliokuwa unamtetea baba yangu mkononi, nikautumia kumfunga.

Mzee Wambura alifariki miezi miwili baadaye.

Nimewarudia wazee wale watano, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Niliona haifai kuwaita kikao kingine nisimame tena kama mtaalamu. Nilipiga hodi, nikasalimia shikamoo, nikasema nilikosea, baba yangu hakuiba. Wanne wamenipokea vizuri. Mmoja aliniuliza, "Sasa sisi tutamwambia nani?" Wa tano yeye alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo amekwenda na habari ya uongo niliyompa mimi.

Mama nilimwambia mwisho, kwa sababu ndiye niliyemuogopa zaidi. Nilimkuta anachambua dagaa kwenye ungo. Nikamweleza yote, tohara na vita na muhuri. Nilitegemea alie au anifukuze. Aliendelea kuchambua.

"Mimi sikuhitaji muhuri wa Mjapani," alisema. "Nimeishi na yule mtu miaka arobaini."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Gitaa ninalo hapa Issenye. Nimelirudishia skrubu zake nne, nikalifunga nyuzi. Sijui kulipiga, na aliyetakiwa kunifundisha alikuwa chumba cha pili miaka yote ile.

Nilichojifunza ni hiki, na sitaki kukizungusha. Hesabu yangu ya gitaa ilikuwa sahihi, na wakuu wa humu mlionisaidia hamna kosa lolote. Kilichokosewa ni kwamba nilishakuwa na jibu kabla sijafungua hata skrubu moja. Namba zilipolingana na nilichokuwa nimekiamini tangu utotoni, sikuzikagua. Zingenipinga, ningezikagua mara kumi.

Ninaomba mnisaidie kwa moja. Kama kuna aliyewahi kumkosea mzazi namna hii, na mzazi akaondoka kabla ya kuombwa msamaha, aniambie alifanya nini baada ya hapo. Sitaki nukuu za kufariji, nataka mtu aseme alichokifanya. Na anayeona nastahili kusemwa, aseme, nitasoma zote.

Kama baba yako yupo na bado anaongea, kuna jambo unaliogopa kumuuliza. Muulize wiki hii. Mimi nilikuwa na miaka mingi ya kumuuliza wangu, nikaja nikaliuliza gitaa.